Bomba la moto limekata, ila tanki bado limejaa: uongo tunaodanganyana kuhusu hita za hiti pampu

Mwezi wa sita jirani yangu hapa Njiro, Arusha, alitaka kumwaga mwenyewe maji ya hita yake ya hiti pampu, ile inayopasha maji kwa joto la hewa. Akafunga koki ya maji baridi, akafungua bomba la moto bafuni, likatoa kidogo likakata, akasema basi yameisha. Akaenda stoo akafungua koki ya chini bila hata mpira. Mwee! Karibu lita 200 za moto zikamwagika pale, gunia la mahindi likaloa chapachapa, bahati yake alikuwa amevaa gambuti.

Hiyo ndo dhana inayowaponza wengi, eti bomba likikata tanki ni tupu. Maji ya moto yanachotwa juu kabisa ya tanki, na yanapanda kwa sababu maji baridi yanayaingilia kwa chini na kuyasukuma, sasa ukishafunga baridi nani atayasukuma? Tanki linabaki limejaa pomoni. Unazima breka kwanza, na hapa usifanye mzaha maana elementi (koili ya umeme ya kupashia maji) ikiwaka kavu inaungua muda huohuo, halafu unaacha maji yapoe hata usiku kucha, unafunga baridi, unafungua bomba la moto ili hewa iingie, unavalisha mpira kwenye koki ya chini unauelekeza nje, ndo unaifungua. Yakiisha fungua baridi kidogo kidogo yakoroge matope na chokaa iliyolala chini, rudia mpaka yatoke safi. Wakati wa kujaza, bomba la moto likikohoa ujue bado kuna hewa, subiri litiririke vizuri ndo uwashe umeme.

"Mimi nina simtanki, matope yanabakia huko." Kiasi, kama unaiosha. Na chokaa yenyewe inajitengeneza humohumo ndani ya hita maji yakipata moto. Mwaga mara moja kwa mwaka.

Halafu kuna mafundi wa "gesi ijazwe kila mwaka". Hapana bwana. Hiti pampu ni kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto la hewa inalipeleka kwenye maji, ndo maana yuniti moja ya LUKU inaweza kukupa joto la yuniti 2 au 3. Gesi inayobeba joto hilo inazunguka humo ndani imefungwa, ikipungua kuna mahali panavuja, patafutwe pazibwe kwanza. Na kumwaga maji hakugusi gesi kabisa.

Kingine wanasema Arusha baridi, haitafanya kazi. Alfajiri ya mwezi wa saba hapa ni kama nyuzi 12 hivi, na hizi mashine nyingi zinapiga kazi hewa ikiwa nyuzi 7 au chini ya hapo, zitachelewa tu kidogo, na nyingi zina elementi ya kusaidia. Kinachozichosha ni vumbi. Mimi filta yangu ya hewa nilipoichomoa mwaka jana ilikuwa imeota manyoya kama blanketi, feni inanguruma maji vuguvugu, nikaiosha kwa sabuni nikaianika, kesho yake mambo safi. Kiangazi naicheki kila mwezi.

Ukiona maji yanadondoka kwenye kale kampira kembamba ka hiti pampu usipige kelele kwamba hita imetoboka, ni jasho tu kama la chupa ya soda ya baridi. Ila valvu ya presha ikitiririka bila kukoma, hapo ita fundi. Mwambie aicheki na anodi, ile fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tanki, ikishabaki waya mtupu zamu ya tanki imefika.

Na wale wanaosema maji yakipita kwenye hita floraidi (yale madini yanayoharibu meno yakizidi) inaisha, wapi! Ile inatoka kwenye miamba ya Meru, moto hauiondoi, ukichemsha sana ndo inazidi kukolea kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Ya kunywa tafuta kwingine, ya hita ni ya kuogea.