Simulesheni ya hospitali si onyesho la mdoli

Mwezeshaji anasimama mbele ya ukumbi, anampulizia hewa mdoli wa mazoezi, wa umbo la mgonjwa, huku wahudumu wakimtazama kutoka vitini, picha zinapigwa, kisha ripoti inasema simulesheni imefanyika. Lile lilikuwa onyesho. Lina faida yake, lakini ni kitu kingine.

Simulesheni ni wahudumu wenyewe kuikabili dharura ya kutungwa kana kwamba mgonjwa yuko mbele yao, kisha kukaa na kuichambua.

Ukumbini vifaa vyote ni vizima, kwa sababu mwezeshaji kaja navyo. Wodini mkunga ananyoosha mkono kuchukua maski ya mtoto mchanga, anakuta ya mtu mzima. Mtungi wa oksijeni upo, spana ya kuufungulia haipo. Zoezi likifanyika palepale, kwa vifaa vya zamu ile, kasoro hizo zinajitokeza kabla hazijamdhuru mtu. Ndiyo maana naumia onyesho linapoandikwa simulesheni: hospitali inajiona salama bila kujikagua.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, inaonyesha tofauti nyingine. Mwaka 2010 wahudumu walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Kwenye mdoli waliendelea kufanya vizuri miezi kadhaa baadaye, ila kwa watoto halisi huduma haikubadilika. Mwaka 2011 yakaanza mazoezi mafupi kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki. Vifo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mdoli wenyewe ni wa kujazwa maji au hewa, wala hauhitaji umeme, kwa hiyo uhaba wa fedha hauzuii kila kitu.

Kinachorukwa mara nyingi zaidi ni mjadala wa mwisho. Hauulizi nani kakosea. Unauliza tulichelewa wapi na kwa nini, na hapo mhudumu wa afya anaweza kumwambia daktari kwamba agizo lake halikusikika. Siku ya kawaida wangapi wanathubutu?

Basi wenzangu, mlipotazama tu, andikeni onyesho. Kila aliye zamu akiishika mwenyewe ambu bagi, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, kisha mkakaa mkazungumza, hapo andikeni simulesheni.