Mteja haandiki "suluhisho la uezekaji", anaandika "bei ya bati"

"Kaka, mbona nikigugo jina la duka langu linatokea la kwanza kabisa, lakini wateja hawapigi simu?"

Ujumbe huo alinitumia dada mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Katika kazi yangu ya kuzifanya kurasa zionekane kwenye Google, sijui swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hilo. Kutafuta jina la duka lako mwenyewe hakupimi kitu, kwa kuwa anayelijua jina lako amekwisha kukufahamu. Unayemtaka ni yule aliyesimama kiwanjani na fundi, kuta zimefika kwenye lenta, anatoa simu mfukoni na kuandika "bei ya bati geji 28". Niliandika hivyo hivyo. Duka lake halikuwamo ukurasa wa kwanza wa majibu, wala wa pili, wala wa tatu.

Kwanza niliangalia kama Google inazijua kurasa zake. Roboti ya Google hutembea kutoka linki hadi linki, husoma inachokikuta, kisha hukiweka kwenye faharasa kubwa. Wewe ukiandika swali, inayopekuliwa ni faharasa hiyo. Ukurasa usiomo humo hautokei, hata uwe mzuri namna gani. Nimeshakuta tovuti za WordPress, programu ya kujengea tovuti, zilizokaa nje miezi mingi kwa sababu fundi aliyezijenga alitia tiki kwenye kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji wakati kazi inaendelea, akasahau kuitoa. Ukijisajili Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, utaliona jambo hilo mapema. Kurasa za dada huyu zilikuwamo. Kilichokosekana ni maneno.

Kichwa cha ukurasa wake mkuu kilikuwa "Mwanzo". Nasema kile kichwa cha ndani ya msimbo, ambacho mara nyingi ndicho kinachotokea kama mstari wa kubofya kwenye majibu ya Google. Chini yake paliandikwa: "Suluhisho bora la uezekaji kwa maisha ya kisasa." Neno bati halikuwapo popote. Bei zilikuwapo, ila ndani ya picha: bango lililotengenezwa kwa ajili ya status ya WhatsApp, likabandikwa kwenye tovuti vilevile. Mwenye simu ndogo alilazimika kulivuta kwa vidole viwili ili asome. Bei iliyofungiwa ndani ya picha usiitegemee ikuletee mtu. Iandike kwa maandishi.

Nikamwomba anisomee meseji za wateja za wiki mbili, bila majina yao. "Bati la msauzi bei gani?" "Mgongo mpana geji 30 mnauzaje?" "Nyumba ya vyumba vitatu inakula bati ngapi?" "Mnaleta mpaka Sengerema?" Hakuna hata mmoja aliyeandika uezekaji. Meseji zile zilikuwa na thamani kuliko ripoti yoyote ambayo ningeinunua. Programu za kupimia maneno nimeona mara nyingi zikionyesha sifuri kwenye misemo ya Kiswahili ambayo najua watu wanaiandika kila siku. Kwa hiyo mimi huanzia kaunta: nasikiliza mteja anavyouliza, nanakili neno kwa neno. Wengine wanasema bati, wengine mabati. Mmoja anaandika geji, mwingine gauge. Yote hayo hupata nafasi ukurasani ukiandika kwa kawaida. Kurudia "bei ya bati" mara thelathini hakusaidii, na kunamchosha msomaji.

Kichwa kikawa "Bei ya bati Mwanza: msauzi na mgongo mpana, geji 28 na 30". Jedwali la bei likaandikwa kwa maandishi, na tarehe ya bei ikawekwa juu yake. Swali la bati ngapi tukalipa ukurasa wake. Hapo nilikataa kuandika mwenyewe, kwa sababu sijawahi kupanda juu ya paa. Dada alikaa na fundi wake, akaeleza kwa nini nyumba mbili za vyumba vitatu hazili bati sawa: mwinuko wa paa, bati zinavyolaliana, ukingo unaotoka nje ya ukuta. Picha wakapiga saiti. Desemba 2022 Google iliongeza uzoefu kwenye mwongozo wa watu wanaoikagulia ubora wa majibu, na huo ndio uzoefu wenyewe: mtu aliyeifanya kazi akiieleza.

Halafu uzito. Picha ya juu ilikuwa na MB 4. Mteja huyo anaifungua kwa bando alilonunua kwa siku, na Google nayo huukagua ukurasa kama unavyoonekana kwenye simu. Mpango huo ulitangazwa 2016, ukakamilika 2023. Tuliipunguza picha, tukaihifadhi kwa WebP, muundo wa picha ulio mwepesi, ikabaki chini ya KB 150. Kipimo ninachokishika ni cha Google yenyewe: kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5.

Kuna jambo linaloniumiza. Kabla ya kuja kwangu, dada huyu alishamlipa mtu aliyemwahidi nafasi ya kwanza ndani ya siku saba. Alichopewa ni orodha ya maneno iliyofichwa kwenye msimbo, ambayo Google ilisema tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga majibu, pamoja na linki za kununua kutoka tovuti zisizohusiana na ujenzi hata kidogo. Linki ina maana kubwa: Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google 1998, hesabu yao ilisimama juu ya nani anakuelekezea wasomaji. Lakini linki za kununua zinapigwa vita na Google waziwazi, hasa tangu Penguin, sasisho lake la 2012 la namna ya kupanga majibu. Linki tuliyoitafuta sisi ilitoka kwa kiwanda anachonunulia bati, ambacho kina ukurasa wa mawakala. Jina lake halikuwamo, aliomba, wakaliweka.

Simu hazikuanza kesho yake. Ilipita miezi kadhaa, na ukurasa wa kwanza kupanda ulikuwa ule wa bati ngapi. Juzi kanitumia sauti: "Kaka, wateja watatu wiki hii wameuliza kofia za bati zinauzwa kwa mita au kwa kipande. Niandike?" Ameshaanza kuandika.