Kihisi Kikinyamaza: Mto Umetulia au Betri Imekufa?

Fungua kihisi cha tahadhari ya mafuriko: kisanduku cha plastiki kilichofungwa chini ya daraja, juu ya maji. Ndani hakuna mengi: bodi ndogo ya kielektroniki, betri, redio yenye antena isiyozidi kiganja, na jicho la kupimia kina linalotazama mtoni. Jicho hilo hutoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii. Mlio hugonga maji na kurudi, na kifaa hupiga hesabu ya muda wa kwenda na kurudi kujua maji yako umbali gani. Kazi yote haimalizi sekunde moja. Kisha kisanduku kinalala, yaani kinajizima hadi kipimo kijacho.

Ufanisi wa mtandao wa vihisi visivyotumia waya unaanzia kwenye usingizi huo. Wengi hudhani kinachomaliza betri ni kutuma ujumbe, kumbe sivyo. Redio ya CC2420, iliyotumika sana katika vihisi vya utafiti, hula miliampea 17.4 inapotuma kwa nguvu zake zote na 18.8 inapotega sikio tu. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Betri ya miliampea-saa 2,500 ikilisha redio inayosikiliza usiku na mchana, siku ya sita haifiki jioni. Iamshe redio hiyo kwa asilimia 1 tu ya muda, na betri ileile itapita mwaka. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, maana joto, baridi na unyevu navyo vina mgao wao.

Lakini wanaolala wakitaka kuzungumza, lazima waamke pamoja. Saa ya ndani ya kifaa ikikosea kwa sehemu 20 tu katika milioni, inapotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, na baada ya wiki jirani mmoja anaita wakati mwenzake amekwisha kulala. Kwa mto, kosa la sekunde si kitu. Kwa tetemeko la ardhi, ambalo mawimbi yake ya kwanza husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde, kosa hilo linaweza kupeleka chanzo cha mtikisiko bonde la pili. Ndiyo maana vifaa hivi hukumbushana saa kila baada ya muda, kwa ujumbe mfupi kadiri inavyowezekana.

Agosti 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao walitandaza vihisi 16 kwenye volkano ya Reventador, Ekuado, vikafanya kazi kwa siku 19. Kila kimoja kilipima mitetemo mara 100 kwa sekunde, na redio zao zisingeweza kubeba data yote hiyo. Basi kila kihisi kilijiwekea vipimo katika hifadhi yake na kusema tu, "nimehisi kitu." Asilimia 30 ya vihisi vikisema hivyo kwa karibu wakati mmoja, kituo kikuu, yaani kompyuta inayopokea taarifa za vihisi, kiliita data ya dakika moja iliyopita kutoka kwa vyote. Mtandao ulinasa matukio 230. Na ulipokwama? Mara moja hitilafu ya programu iliuangusha wote kwa takriban siku tatu, na mara nyingine umeme ulikatika huko kwenye kompyuta ya kituo. Visanduku vyenyewe, vilivyoachwa mlimani, vilikaa imara. Mimi hadithi hiyo huirudia kwa kila anayekuja na bajeti iliyojaa vihisi vya bei ghali na mstari mmoja tu wa "umeme wa kituo".

Kungoja wenzako waseme pia hupunguza kengele za uongo. Buibui akitanda utando mbele ya jicho la kisanduku chetu, mlio unarudi mapema na kifaa kinaapa kwamba maji yamefika darajani. Kihisi cha juu zaidi mtoni kikisema kina hakijabadilika, mashaka yana msingi. Ila usizidishe. Gharika ya ghafla haingoji kura zitimie, kwa hiyo mfumo mzuri hubadili mwendo: mvua kubwa ikipimwa mlimani, vihisi vya chini huacha kupima kila dakika 15 na kuanza kupima kila dakika, betri iliwe, maana iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo.

Redio za LoRa zimerahisisha mengi, kwani hufika kilomita kadhaa kwa nguvu kidogo. Hata hivyo zina kasi ndogo, na katika sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 868 huko Ulaya kanuni hukiruhusu kifaa kutuma kwa asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Ujumbe unabaki namba ya kifaa, kina cha maji na volti za betri. Anayetaka picha za kamera atafute njia nyingine.

Hizo volti si pambo. Kihisi kinachotuma tu palipo na hatari kinafanana kabisa na kihisi kilichokufa, vyote kimya. Kwa hiyo kila kimoja hupewa zamu ya kusema "nipo hai", hata mto ukiwa umelala, na zamu mbili zikipita bila sauti fundi anatumwa. Ukionyeshwa mfumo mpya wa tahadhari, usianze na idadi ya vihisi. Uliza nani anapokea simu saa tisa usiku kihisi kimoja kisipoitika, na kama kituo kina betri ya akiba. Kisha omba wazime umeme wa kituo mbele yako, msubiri pamoja kuona kama king'ora kitalia.