Kulala ubavu wa kulia hakuhamishi moyo wa mtoto

Ujumbe usemao kwamba mjamzito akilala ubavu wa kulia moyo wa mtoto utahamia kulia si wa kweli. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unawabebesha akina mama lawama isiyo yao.

Upande wa kushoto na wa kulia wa mwili wa mtoto hupangwa takriban wiki ya 3 baada ya mimba kutungwa, kiinitete kikiwa na milimita chache tu, na wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Ndani ya kishimo kidogo kwenye kiinitete hicho, vinyweleo vya seli huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Msukumo huo huamsha jeni fulani upande wa kushoto pekee, kisha mrija wa moyo hujikunja. Vinyweleo vikiwa na hitilafu ya kurithi, upande huamuliwa kwa bahati tu.

Mkanganyiko unatokana na ushauri sahihi wa kulala ubavu kuanzia wiki ya 28. Huo unahusu mshipa mkubwa wa damu, ambao hubanwa na mfuko wa uzazi mama akilala chali.

Takriban mtu 1 kati ya 10,000 ana viungo vyote vya ndani vilivyogeuka upande, moyo ukiwa kulia, na wengi wao ni wazima. Vikigeuka nusunusu ndipo kasoro za moyo huwa nyingi. Ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 huonyesha ncha ya moyo imeelekea wapi. Kwenye eksirei ya kifua ya mtu aliyekwisha kuzaliwa, tazama kwanza alama ya upande, kwani picha iliyowekwa kinyume hudanganya.