Mapenzi ya Kuchora Wanyama Hayatangulii Penseli

Karibu kila mzazi anayeniletea mtoto nimfundishe kuchora hapa Lamu huanza kwa maneno yale yale: ama mwanawe ana kipaji cha kuchora wanyama kwa kuwa amependa paka tangu utotoni, ama hana, kwa kuwa hata punda akimpita kichochoroni hamgeukii. Wiki iliyopita nimeyasikia tena kwa mama aliyetaka kumwondoa kijana wake baada ya siku mbili tu, nikaona afadhali niyajibu kwa maandishi. Hukumu ya dini juu ya kuchora viumbe wenye roho nawaachia wanazuoni. Nasema na wale ambao wamekwisha kuamua kuchora.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba mchoraji wa wanyama huzaliwa akiwapenda, kisha michoro ikafuata. Mara nyingi huwa kinyume chake: mtu huanza kwa sababu nyingine kabisa, na kwa kule kutazama muda mrefu ndipo mnyama humwingia moyoni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 akitafuta riziki, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao, na wateja wake wakubwa walikuwa wageni. Alipofariki mwaka 1972 chui na ndege wake walikuwa wamekwisha kuzaa mtindo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Rosa Bonheur wa Ufaransa alikuwa mzito wa kusoma alipokuwa mdogo, mamake akamwambia achore mnyama mmoja kwa kila herufi. Kazi ya herufi ikawa kazi ya maisha: alipokuwa akiandaa picha yake kubwa ya soko la farasi, alikwenda sokoni huko Paris mara mbili kwa wiki kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Naye George Stubbs wa Uingereza alikaa takriban miezi 18 katika kijiji cha Horkstow akichuna mizoga ya farasi na kuchora misuli yake tabaka kwa tabaka, kazi iliyochapishwa mwaka 1766. Anayedhani uvumilivu huo ulitokana na kufurahishwa na manyoya laini hajawahi kukaa na mzoga hata saa moja.

Ndiyo maana wanafunzi wangu huanza na mguu wa nyuma wa punda, na hawachori kingine kwa siku sita. Wazazi hulalamika, nami sibadilishi. Mtoto huja akiamini kwamba goti la punda limekunjika kinyumenyume, na huchora hivyo, ukawa mguu usioweza kubeba hata ndoo ya maji. Kiungo anachokiita goti ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na mnyama mzima anasimama juu ya ncha ya kidole kimoja, ambacho ukucha wake ndio kwato. Namwambia avue kiatu, anyanyue kisigino, asimame kwa ncha za vidole, kisha amtazame tena punda aliyebebeshwa mchanga na kusimama juu ya kidole hicho. Nimeona nyuso zikibadilika hapo. Kuanzia siku hiyo mtoto hupita ufuoni akiwa na swali, na mwenye swali juu ya punda hawezi tena kupita bila kumgeukia.

Dhana nyingine nitazijibu kwa ufupi. Wapo wanaosema picha ya simu inatosha. Siidharau kamera, kwani ni picha za mpiga picha Eadweard Muybridge, mwaka 1878, zilizoonyesha kwamba farasi anayekwenda mbio huinua kwato zote nne wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo, ilhali wachoraji wengi waliotangulia waliinyoosha mbele na nyuma. Lakini simu ikisogezwa karibu na uso wa punda hukuza pua na kudogosha masikio, na mwanafunzi hunakili kosa hilo akidhani ameona.

Wapo pia wanaosema hakuna la kuchora mpaka mtu afike Tsavo akaone simba. Mwaka 1502 Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichora sungura mmoja tu, na mpaka leo watu huuhesabu unywele kwa unywele. Mwaka 1515 akachora kifaru ambaye hakuwahi kumwona, kwa maelezo ya wengine, akamvika mabamba kama deraya na kumwongezea pembe ndogo mabegani. Punda wa mlangoni kwako anakufaa kuliko simba wa kusikia.

Mama yule namwomba amrudishe kijana Jumamosi baada ya Alasiri, wakati punda wanapovuliwa shogi, yaani mifuko ya mizigo ya mgongoni, na kusimama kimya kwa muda. Aje na penseli moja na karatasi, na kifutio akiache nyumbani.