Je, Wajua Kwa Nini Mguu Bandia Hukataa Kuzama?

Wengi hudhani kwamba mwalimu anayemfundisha kupiga mbizi mtu mwenye mguu bandia hupambana hasa na unyonge wa mguu huo. Katika mabwawa ya Nairobi, ambako wanafunzi wa bara huanzia kabla ya kuteremka pwani, shida ya kwanza huwa nyingine: mguu hupanda juu. Mguu wa nyama na mfupa una uzito unaokaribiana na ule wa maji unayoyahamisha, ilhali mguu bandia mara nyingi una uwazi ndani au umevikwa sponji yenye hewa, na maji, kwa kanuni ya Archimedes, huusukuma juu. Mwanafunzi anayejaribu kutulia kifudifudi hujikuta amelalia ubavu, kisigino cha bandia kikiwa juu kuliko kichwa.

Fundi wa viungo bandia (si mwanafunzi mwenyewe na keekee yake) anaweza kutoboa matundu ya kuingizia maji, au mwalimu akafunga kipande kidogo cha madini ya risasi karibu na kifundo. Kiasi chake hupatikana kwa kuongeza na kupunguza, mpaka mwanafunzi aelee katikati ya maji bila kupanda wala kushuka. Kazi hiyo huchosha, lakini kwa maoni yangu ndiyo mafunzo yenyewe. Haiishii bwawani pia: katika kina cha mita 10 baharini shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, sponji hubanwa, na mguu uliokuwa mwepesi huzidi kuwa mzito.

Pezi nalo lina mambo yake. Wayo wa kutembelea huwa umekaa karibu na pembe mraba, hivyo pezi lililovishwa juu yake huelekea chini na kuzuia mwendo badala ya kuuongeza. Kwa sababu hiyo zimebuniwa nyayo za kuogelea ambazo kifundo chake hunyooshwa na kufungwa. Wengine huuvua mguu kabisa na kutumia pezi moja, na kwa kuwa msukumo wa upande mmoja huwapeleka mrama, hurekebisha mwelekeo kwa mikono iliyovaa glavu zenye utando kama nyayo za bata. Goti la kielektroniki lisilotengenezwa kwa ajili ya maji huachwa nchi kavu.

Huko pwani, Watamu au Diani, hesabu ya risasi hurudiwa, kwani maji ya bahari ni mazito kuliko ya bwawa kwa takriban asilimia 2.5, hivyo mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 huhitaji kama kilo mbili na nusu zaidi. Kurudi nyumbani pia kuna masharti. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na nitrojeni (gesi ya hewani) iliyobaki mwilini baada ya mbizi inaweza kufanya mapovu hewa inapopungua shinikizo, uwe kwenye ndege, basi au treni. Miongozo ya usafiri wa ndege hupendekeza kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Kwa hiyo mwanafunzi hulala pwani, na jioni hiyo huosha mguu wake kwa maji baridi yasiyo na chumvi, skrubu kwa skrubu, kisha huuanika kivulini.