Je, wajua kwa nini eneo bunge la 38A huko Minnesota limehama mji hadi mji huku watu wake wamekaa palepale?

Novemba 2024, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota nchini Marekani. Kiti alichoshinda kinaitwa 38A. Ukitaka kujua nani alikikalia kabla yake, unakutana na orodha ya kushangaza. Kuanzia 2013 hadi 2021 mwakilishi wa 38A alikuwa Linda Runbeck wa chama cha Republican. Akafuata Donald Raleigh, naye wa Republican, kwa muhula mmoja wa miaka 2. Mara, Januari 2023, kiti kikawa cha Michael Nelson wa chama cha Demokratik, na baada yake ndiye Hiltsley, wa chama hichohicho.

Anayeisoma orodha hiyo haraka atasema watu wa 38A waliwachoka Republican wakahamia upande wa pili. Sivyo hata kidogo. Wapiga kura waliomchagua Runbeck hawakuwa na kura ya kumpa Nelson wala Hiltsley. Wao walikuwa wakazi wa Circle Pines, Lino Lakes na vitongoji vingine vya kaskazini mwa St. Paul, mji mkuu wa jimbo. Kiti cha Hiltsley kipo Brooklyn Park, kaskazini magharibi mwa Minneapolis. Ukirudi nyuma zaidi, kabla ya 2013, unaikuta 38A mahali pengine kabisa: Eagan, kusini mwa St. Paul, ikiwakilishwa na Sandra Masin kisha Diane Anderson. Namba moja, sehemu tatu, ndani ya miaka michache tu.

Sasa geuza upande wa pili. Nelson hakuwa mgeni Brooklyn Park alipoapishwa 2023. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 2002, kwa kiti cha 46A. Miaka 10 baadaye kiti chake kikawa 40A. Miaka 10 mingine, 38A. Aliwatumikia watu wa Brooklyn Park kwa miaka 22 chini ya namba tatu, na katika muda wote huo alikuwa akigombea nyumbani.

Niseme neno kuhusu maneno kwanza, maana hapa Kiswahili chetu kina mtego. Tanzania, na hata Kenya, mtu akisema "jimbo" mara nyingi anamaanisha sehemu inayomchagua mbunge. Tukizungumzia Marekani, "jimbo" ni Minnesota nzima au Texas nzima. Kwa hiyo hapa jimbo ni Minnesota, na sehemu inayochagua mwakilishi nitaiita eneo bunge. Na bunge lenyewe ni la jimbo, lile linalokutana St. Paul kutunga sheria za shule, barabara na kodi za Minnesota. Bunge la taifa la Washington lina mipaka yake mingine.

Bunge hilo la St. Paul limegawanyika hivi: maseneta 67, na wawakilishi 134, yaani wawili kwa kila seneta. Kila eneo la seneta hupewa namba, kisha hukatwa vipande viwili, A na B. Ndiyo maana kuna 38A na 38B: ni pacha wanaoshiriki seneta mmoja. Katiba ya jimbo inakataza eneo la mwakilishi kugawanywa kati ya maseneta wawili, kwa hiyo mpaka ukisogezwa upande wa A, B nayo inatikisika, na mara nyingi jirani zake pia.

Kwa nini mpaka usogezwe? Kwa sababu ya sensa. Marekani huhesabu watu wake kila mwaka unaoishia na sifuri. Baada ya hapo ni hesabu ya kugawanya tu: chukua watu wote wa jimbo, gawa kwa 134. Sensa ya 2000 iliikuta Minnesota na watu 4,919,479, kwa hiyo kila mwakilishi alistahili watu 36,713. Mwaka 2010 fungu likawa 39,582. Mwaka 2020, watu wakiwa 5,706,494, likapanda hadi 42,586. Viti havikuongezwa, watu ndio walioongezeka, tena hawakuongezeka sawasawa. Vitongoji vya miji mikubwa vilijaa, wilaya nyingi za mashamba zikapungukiwa. Eneo lililopungukiwa lazima linyooshe mkono mbali zaidi kutafuta watu, na lililojaa lazima limegwe.

Na namba? Namba si jina la mahali. Ni zamu. Katika ramani za karibuni za Minnesota, 1 huanza kona ya kaskazini magharibi, mpakani na North Dakota na Kanada, kisha hesabu inatembea ikipita mashambani na vitongojini hadi 67 inapofika St. Paul. Wilaya za mashambani zikipungukiwa watu hadi zikapoteza kiti kimoja, kila aliye nyuma kwenye foleni anasogea. Mwenye kuhesabu akiamua kuzunguka vitongoji kwa njia nyingine, foleni nzima inapangika upya. Ndivyo 38 ilivyotoka Eagan ikaenda Circle Pines, ikaishia Brooklyn Park. Eagan haikwenda popote. Ilipangiwa 51 tu. Nayo 40, ambayo kwa miaka 10 ilikuwa namba ya Nelson, leo ipo Roseville.

Kwa masikio ya Mkenya jambo hili ni geni, kwa sababu maeneo bunge yetu yana majina. Kitutu Chache ilipogawanywa mwaka 2012 ilizaa Kitutu Chache Kaskazini na Kitutu Chache Kusini. Hakuna tume ambayo ingeweza kulichukua jina hilo ikalipeleka Malindi. Jina hushika ardhi na historia yake. Mimi naona kuna hasara ya kweli katika mtindo wa namba: mzee wa Brooklyn Park aliyepiga kura 46A, kisha 40A, kisha 38A, hana neno moja la kuwaambia wajukuu zake kwamba hapa ndipo petu.

Hata hivyo kazi yenyewe ya kuchora upya ni haki iliyopiganiwa, na isidharauliwe. Minnesota ilichora mipaka mwaka 1913, kisha ikaiacha hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Watu walihamia mijini, viti vikabaki mashambani. Wabunge waliokuwa wakinufaika hawakuwa na haraka ya kujipunguzia viti. Wapiga kura walikwenda mahakama ya shirikisho, katika kesi ya mwaka 1958 ijulikanayo kama Magraw dhidi ya Donovan. Majaji hawakuchora ramani wenyewe, ila waliliachia bunge nafasi ya mwisho ya kutimiza wajibu wake, na mwaka 1959 bunge likapitisha mipaka mipya.

Kwingine hali ilikuwa mbaya zaidi. Alabama haikuwa imegawanya upya viti vyake tangu mwanzo wa karne. Wilaya ya Jefferson, yenye jiji la Birmingham na watu zaidi ya 600,000, ilikuwa na seneta mmoja katika bunge la jimbo. Wilaya ya Lowndes, yenye watu 15,417, nayo ilikuwa na seneta mmoja. Fikiria: kura ya mtu wa Lowndes ilikuwa na uzito wa karibu kura 40 za Birmingham. Mwaka 1962, katika kesi iliyotoka Tennessee, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mahakama zinaweza kusikiliza malalamiko ya aina hii. Mwaka 1964, katika kesi ya Alabama, Reynolds dhidi ya Sims, ikaamua kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima yagawanywe kwa idadi ya watu. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge huwakilisha watu, si miti wala ekari. Ukilielewa neno hilo unaelewa kwa nini 38A haiwezi kukaa mahali pamoja milele: kinachofungwa ndani ya mpaka ni idadi ya watu.

Swali linalobaki ni nani ashike kalamu, kwa maana kalamu hiyo ina nguvu. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia saini sheria ya mipaka ya maseneta wa jimbo iliyokipendelea chama chake. Eneo moja la wilaya ya Essex lilipindapinda hadi mchoraji wa gazeti la Boston akaliongezea mbawa na kucha kama mnyama wa kutisha. Jina la Gerry likaunganishwa na la "salamander", mnyama afananaye na mjusi, likazaa neno "gerrymander", na hadi leo Wamarekani hulitumia neno hilo kwa kila mpaka uliochorwa kwa hila.

Minnesota, kisheria, kalamu ni ya bunge na gavana. Lakini muongo baada ya muongo wameshindwa kukubaliana, na kazi imeishia mahakamani. Ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho: Demokratik walikuwa na Baraza la Wawakilishi, Republican wakawa na Seneti, na tarehe 15 Februari 2022 muda wa kisheria ukaisha bila ramani. Siku hiyohiyo jopo la majaji 5 lilitoa yao. Majaji walijiwekea masharti: idadi za watu zisitofautiane sana, vipande vya eneo moja viungane, miji na ardhi za makabila ya wenyeji visikatwe ovyo, na mpaka usichorwe kwa nia ya kumlinda wala kumwangusha mbunge aliye kitini.

Sharti la kutokata miji ovyo lina mipaka yake, na Brooklyn Park ni mfano mzuri. Sensa ya 2020 iliukuta mji huo na watu 86,478. Eneo la seneta mmoja lilitakiwa kuwa na watu 85,172. Mji ulikuwa karibu utoshee kikamilifu kama eneo moja la seneta lenye A yake na B yake. Lakini miji ya jirani nayo inatafuta pa kukaa, na Osseo, mji mdogo sana uliobanwa pembeni, hauwezi kuachwa peke yake. Basi Brooklyn Park ikagawanywa: sehemu moja ikaungana na Osseo ikawa 38A, nyingine ikaenda na Brooklyn Center kuwa 38B, na nyingine ikaunganishwa na Champlin na Coon Rapids, 34B.

Hiyo 34B ina habari ya majonzi. Mwakilishi wake, Melissa Hortman, naye alipitia namba tatu: 47B alipochaguliwa 2004, kisha 36B, kisha 34B. Alikuwa Spika kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2025. Tarehe 14 Juni 2025 yeye na mumewe waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Brooklyn Park. Uchaguzi mdogo ulifanyika Septemba ndani ya mipaka ileile, na Xp Lee akachukua kiti.

Uchaguzi mdogo huo ulikuwa na uzito kuliko kawaida, kwa sababu uchaguzi wa 2024 uliyaacha makundi mawili sawasawa: 67 kwa 67. Katika bunge la namna hiyo kila mstari wa ramani unahesabiwa. Kiti cha 54A, mjini Shakopee, kiliamuliwa kwa tofauti ya kura 14. Kiti cha 40B kilibatilishwa kabla mshindi hajaapishwa, kwa sababu hakimu aliona hakuwa ameishi ndani ya eneo hilo kwa miezi 6 kabla ya uchaguzi, kama sheria inavyotaka. Alishinda kura kwa wingi, lakini makazi yake hayakuwa ndani ya mstari. Kiti kikajazwa upya Machi 2025.

Kwa hiyo ndugu zetu walioko huko, na wapo wengi Brooklyn Park na vitongoji vyake, wasipuuze karatasi za sensa zinapofika mlangoni. Baada ya sensa ya 2020, New York ilipoteza kiti kimoja cha Bunge la taifa kwa kupungukiwa na watu 89, na Minnesota ikabaki na viti vyake 8. Nyumba chache tu za familia kubwa zingetosha kubadilisha hilo.

Hesabu ijayo ni tarehe 1 Aprili 2030, na ramani itakayotokana nayo itatumika kwanza katika uchaguzi wa 2032. Ukitaka kujua mwakilishi wa shangazi yako huko, usiulize namba aliyoikariri miaka iliyopita. Muulize anaishi mtaa gani, nyumba namba ngapi, kisha utafute kwa anwani.